Alama Moja Mbele ya Jina Langu

Vijana wa kanisa letu wakinialika kuzungumza nao, swali huwa lile lile: mtu aliyezaliwa Kakamega aliingiaje katika Bunge la Sweden? Nadhani wanategemea niwaambie habari za ujasiri. Mimi huomba karatasi na kalamu, maana jambo lenyewe linaelezeka vizuri tu, na linaanzia kwenye karatasi.

Karatasi ya kura ya huku ina jina la chama juu, na chini yake majina mengi ya wagombea, mmoja chini ya mwingine. Unachukua karatasi ya chama unachokitaka, unaitia kwenye bahasha, umemaliza. Chama kikipata viti vitatu, wale watatu wa juu ndio wanaoingia. Lakini mbele ya kila jina kuna kisanduku kidogo. Ukitaka mtu fulani apandishwe juu ya wenzake, unaweka alama kwenye kisanduku chake, na chake peke yake. Waswidi wanaiita kryss. Mtu akipata kryss za kutosha, anawaruka wote waliomtangulia.

Jina langu lilikuwa karibu na mwisho wa karatasi. Waliokuwa juu yangu walikuwa watu wazuri, wengine wamekaa kwenye chama tangu ujana wao, na hakuna aliyenifanyia ubaya. Chama kilihitaji jina kutoka Rinkeby, mtaa wetu wa wahamiaji, kikaliweka pale ambapo lingeonekana bila kumsumbua mtu. Bila kryss, nisingeingia bungeni ila kama mgeni wa kutembezwa.

Na nilitaka kuingia kwa sababu ya jambo moja.

Kenya nilikuwa mkunga. Nilimfuata mume wangu aliyekuja kusoma, nikafagia ofisi za katikati ya mji, nikawaogesha wazee majumbani mwao, nikajifunza Kiswidi jioni huku nasinzia, na baada ya miaka mingi nikapewa leseni ya ukunga ya huku. Njia yangu ilikuwa ndefu, ila ilikuwepo. Chuo changu bado kimesimama, na pale masjala kuna mtu anayepokea simu na kuthibitisha kwamba ndiyo, huyu tulimfundisha sisi.

Jirani yangu tuliyetumia naye ngazi moja, Mrundi, hakuwa na wa kumpigia. Naye alikuwa mkunga. Shule aliyosomea iliteketea wakati wa vita pamoja na kumbukumbu zake zote, na sheria ya huku ilitaka uthibitisho wa shule yenyewe. Kwa hiyo mwanamke aliyepokea watoto wa nusu ya mtaa mmoja wa Bujumbura alikuwa akipanda treni ya chini ya ardhi alfajiri, anabadilisha mjini, anakwenda mpaka Jordbro kupakia viatu kwenye masanduku katika ghala. Hakuwa mtu wa kulalamika. Siku moja tulikutana kwenye ngazi, sote tumebeba mifuko, nikamuuliza kazi inaendaje.

“Masanduku ni rahisi, dada,” akasema. “Hayasumbui. Lakini hayalii pia. Ukimaliza huwezi kujua kama umefanya kitu.”

Nilimpigia simu ofisa anayehusika na leseni. Alinisikiliza vizuri, tena kwa huruma, kisha akaniambia kwamba yeye hawezi kupinda sheria, anayeweza kuibadilisha ni Bunge tu. Sidhani alikusudia kunituma. Mimi nililichukua kama maelekezo ya njia.

Mwenyekiti wa kampeni yangu alikuwa dereva wa basi, Mkenya, ambaye ujanani alizunguka na wagombea Nakuru na vitongoji vyake. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiniita Mheshimiwa, hata nilipokuwa naosha vyombo. Alikuja na mpango kamili: lori, vipaza sauti, fulana zenye picha yangu, na sukari kidogo kwa akina mama. Nikamweleza kwamba sukari huku ni kesi.

“Hata nusu kilo, Mheshimiwa?”

“Hata kijiko.”

Akauliza, sasa watu watajuaje kwamba kuna uchaguzi? Nikampeleka uwanjani Rinkeby, kwenye kibanda cha mbao cha chama. Palikuwa na chupa ya kahawa, sinia la mikate ya mdalasini, na watu watano wamesimama wakizungumza kwa sauti za chini. Mwenyekiti aliwaangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kiluhya kibovu, ili hata anayejua Kiswahili asielewe, kama hapo ni matanga.

Lakini alikuwa mpangaji hodari, na hilo sitaacha kulisema. Alitengeneza makundi ya simu yakaunganisha kila mahali ambapo Kiswahili kinazungumzwa katika mji huu: Wakenya wa makanisani, Warundi na Wanyarwanda, Wakongo wanaotia Kifaransa kila sentensi ya tatu, Waganda, na Watanzania waliosahihisha Kiswahili chetu sote kabla ya kujibu. Watoto wetu waliojibu kila kitu kwa Kiswidi akawapa kazi ya kuandika matangazo ya Kiswidi. Kwa wiki kadhaa nilihisi kama mji mzima unanijua.

Sasa niwaeleze kilichotupata, maana ni kosa ambalo watu wetu tu wangeweza kulifanya, tena kwa mapenzi.

Anayepiga kura Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, na kuendelea mpaka ya mwakilishi wa wadi. Kila chama huwaomba watu wake wapige suti, yaani wachague wagombea wa chama hicho kwenye karatasi zote, asibaki hata mmoja. Mwenyekiti alikuwa amehubiri suti maisha yake yote. Kwa hiyo alipotuma ujumbe wa sauti kwenye makundi kuwakumbusha watu kwamba kura za mapema zimeanza kupigwa maktabani, aliwaambia kwa ile sauti yake nene: wapendwa, piga suti, usimwache mtu wetu hata mmoja.

Jumapili iliyotangulia ile ya uchaguzi, tulikuwa tunakunywa chai baada ya ibada ya Kiswahili, katika ukumbi wa kanisa tunaoazima mtaa wa pili, Tensta. Akina mama wakanijia wakiwa wamechangamka sana. Walikuwa wameshapiga kura maktabani, wote kwa pamoja, na wakapita kununua samaki wakirudi. Niliwashukuru. Kisha, kwa kuwa napenda kujua watu wameelewa nini, nikawauliza waliweka alama wapi.

“Kwa wote,” akasema mmoja. “Kutoka juu mpaka chini. Hata yule mzee wa kwanza mwenye miwani tulimkumbuka.”

Jirani yangu Mrundi alikuwa pale, amekaa na kikombe chake. Akaongeza taratibu kwamba yeye aliona aibu kumruka mtu. Wale nao wameandikwa, akasema, nao wana mama zao.

Mwenyekiti alisimama nyuma yao akitabasamu kama baba wa bibi harusi. “Suti nzima, Mheshimiwa. Hakuna kifungo kimeachwa wazi.”

Nilikaa chini kwanza. Mezani palikuwa na sahani ya mandazi, nikaivuta karibu. Nikawaambia: hii sahani yote ni kura yenu, na imefika kwa chama, haijapotea. Ile alama ni kumwambia anayegawa, mpe huyu kwanza. Ukimwonyesha mtu mmoja, anaanza naye. Ukiwaonyesha wote waliokaa mezani, anayegawa anaona hujaonyesha mtu, basi anafuata mpangilio wake aliokuja nao. Na kwa mpangilio huo mimi niko karibu na mlango, mandazi hayanifikii.

Mwenyekiti alivua kofia, akaishika mkononi. Ujumbe wake ulikuwa umefika Rinkeby, Tensta, Spånga, kila mahali, na watu wetu walikuwa wameutii kwa uaminifu. Nilimwona akihesabu moyoni makundi yote aliyoyatumia. Aliniomba radhi kwa sauti ndogo, na safari hiyo hakuniita Mheshimiwa, aliniita dada.

Nikawaambia kwamba bado kuna njia. Sheria ya huku inamruhusu mtu aliyepiga kura ya mapema abadilishe mawazo. Siku ya uchaguzi anakwenda kwenye kituo chake mwenyewe, anapiga upya, na ile bahasha ya kwanza inatolewa na kutupwa bila kufunguliwa. Hahitaji kueleza sababu.

Nilidhani watafurahi. Walinitazama kama nimewapa kisu.

Lazima uelewe tulikotoka. Kwetu mtu akishapiga kura anachovya kidole kwenye wino, na wino ule kazi yake ni kumzuia asirudi. Kupiga kura mara mbili ni kufungwa. Mama mmoja mzee akasema yeye ananipenda sana lakini hawezi kwenda jela na magoti yake. Mwingine akataka kujua kama nimeiona sheria hiyo kwa macho yangu au nimeambiwa na chama. Jirani yangu ndiye alikuwa na hofu kubwa kuliko wote. Alikuwa amepata uraia muda si mrefu uliopita, baada ya kungoja miaka, na alikuwa bado anaangalia pasipoti yake kila asubuhi kama vile ingeweza kuota miguu. Na yeye ndiye niliyekuwa namtafutia ile sheria nyingine, ya leseni.

Ningeweza kuwasukuma. Nina ulimi wa kutosha. Lakini mtu anayepiga kura kwa sababu amesukumwa atakuja kusukumwa na mwingine, na isitoshe mimi nilikuwa mgombea, nina faida yangu pale. Nikawaambia wasiniamini. Waende kwa wale wahudumu wa kura maktabani, wasio na chama, wawaulize wenyewe, kwa Kiswidi chao chochote walicho nacho.

Siku mbili zikapita. Mwenyekiti alikuwa ameshatuma masahihisho kwenye makundi yote, kila moja kwa urefu wa mahubiri, na watu walikuwa wanamjibu kwa maswali ambayo hakuweza kuyajibu. Siku ya tatu ukaingia ujumbe wa sauti kwenye kundi la akina mama. Alikuwa jirani yangu. Nyuma yake zilisikika kelele za kituo cha treni, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Bujumbura alichokuwa akikificha mbele ya Watanzania.

“Wamama, mimi nimekwenda. Nimemuuliza yule binti wa maktaba, akanieleza. Nikamwambia rudia, akarudia. Nikamuuliza kama polisi wanakuja, akacheka, akasema hapana, akaniandikia anwani ya kituo changu. Kura ni yangu mpaka Jumapili usiku, ndivyo alivyosema. Mimi nitapiga tena. Na safari hii wale wengine wanisamehe, mama zao pia wanisamehe.”

Niliusikiliza nikiwa jikoni, nikaurudia. Baada ya hapo simu ilianza kutikisika mezani, na haikuacha mpaka vitunguu vikaungua.

Jumapili hiyo mchungaji alifupisha mahubiri, jambo ambalo wazee wa kanisa wanalikumbuka mpaka leo kuliko ushindi wenyewe. Watu wakatawanyika, kila mmoja kwenye kituo chake, wengi wao katika shule ambazo watoto wao walisoma. Mimi nilisimama mbali na lango la shule yetu, ng'ambo ya barabara karibu na kituo cha basi, mtu yeyote asije akasema namvuta mpigakura. Nilimwona jirani yangu akiingia na kitambulisho mkononi, ameshakitoa tangu nje. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakuja kwangu. Alisimama kwenye ngazi za shule, akavuta hewa, akafunga vizuri kilemba chake, ndipo akavuka barabara.

“Moja,” akasema. “Nimeweka moja.”

Kura za vyama hujulikana usiku ule ule. Kryss hazihesabiwi haraka hivyo, na kwa siku kadhaa nilirudi wodini kama kawaida kupokea watoto wa watu. Nilizipata habari nikiwa navua sare ya kazi. Katibu wa chama alikuwa amenipigia mara nyingi, na nilipompata alizungumza polepole sana, kama mtu anayesoma kitu asichokiamini. Kryss zangu zimetosha. Zimetosha na kubaki. Nimewaruka wengi, nimeingia. Aliongeza kwamba zimetoka mpaka kwenye mitaa ambayo chama hakikupeleka mtu, kwa wauguzi, kwa wastaafu wa Kiswidi niliowaogesha zamani, kwa kina mama wa Kisomali niliowazalisha.

Nilimpigia mwenyekiti. Alikuwa kazini, usukani mkononi, hakupokea, nikamwachia ujumbe wa sauti. Alipousikiliza ujumbe wangu kwenye kituo cha mwisho, aliwasha kipaza sauti cha basi na kuwatangazia abiria wa Rinkeby, kwa Kiswidi na Kiswahili, kwamba wana mbunge. Hatimaye alipata kipaza sauti chake. Wananiambia basi zima lilipiga makofi, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kwa daktari wa meno.

Kazi ya Bunge haifanani na kampeni. Vijana huwa wanasikitika nikiwaeleza, kwa hiyo naeleza polepole. Sehemu kubwa ni kusoma. Sehemu nyingine ni kukaa kwenye kamati na kusikiliza mtu ambaye hukubaliani naye mpaka uweze kusema hoja yake vizuri kuliko yeye. Niliwasilisha pendekezo langu mwaka wa kwanza: kwamba mkunga au muuguzi ambaye shule yake haipo tena apimwe kwa vitendo, hospitalini, na wenzake wa fani, badala ya kudaiwa uthibitisho wa majivu. Likakataliwa. Nikaliandika upya mwaka uliofuata. Likakataliwa kwa maneno mazuri zaidi. Hapo nikajua tunasogea.

Katika ukumbi wa Bunge hatukai kwa vyama, tunakaa kwa majimbo. Kwa hiyo upande wangu wa kulia, kipindi chote cha kwanza na cha pili, alikaa bwana mmoja wa chama pinzani, kutoka mitaa ya matajiri ya mji huu huu. Wiki za mwanzo tulisalimiana tu. Baadaye tukaanza kunywa kahawa pamoja, kwa sababu sote wawili tulichoka saa ile ile. Alinieleza kwa nini chama chake kilipinga: waliogopa mlango ukifunguliwa ataingia mtu asiyejua kazi, na mgonjwa aumie. Ilikuwa hofu ya haki, nami nikamwambia hivyo. Nikamweleza jinsi mkunga anavyopimwa, mikono yake inatazamwa wapi, kwa nini huwezi kuigiza mbele ya mkunga mwingine kwa wiki nzima bila kugunduliwa. Alikuwa anauliza maswali mazuri. Mwaka mmoja alinirudishia pendekezo langu likiwa na mistari yake pembeni, na mistari yake ilikuwa imeliboresha. Tuliliwasilisha tena, safari hii majina mawili chini yake, langu na lake, na serikali ikalazimika kuliandalia muswada.

Siku ya kupigia kura muswada, mwisho wa kipindi changu cha pili, jirani yangu alichukua ruhusa kazini. Alikuja na wale akina mama, wakakaa juu, kwenye roshani ya wageni. Nilikuwa nimewaonya mapema kwamba pale juu hairuhusiwi kupiga makofi wala kusema neno, na nikawatazama hasa wawili ambao vigelegele vyao huwa vinasikika mpaka Spånga. Spika akasoma, akagonga, tukabonyeza vitufe kwenye madawati yetu. Ukutani mbele yetu matokeo yanawaka kwa taa. Bwana wa kulia kwangu alibonyeza ndiyo, kisha akageuka kuangalia wenzake wa chama waliotawanyika ukumbini, nao wakabonyeza ndiyo, mmoja mmoja.

Nilishasoma ubao kabla spika hajatamka. Tumeshinda, na si kwa kuponea chupuchupu.

Nilitazama juu. Akina mama wote walikuwa wamejiziba midomo kwa viganja, mabega yanatetemeka, na mlinzi wa roshani amesimama karibu yao, hajui afanye nini na watu wanaotii kanuni kwa nguvu hivyo. Jirani yangu peke yake hakujiziba. Alikuwa ameegemea mbele, anautazama ubao taa kwa taa, kama mtu anayehakiki.

Vigelegele vilitoka nje, kwenye daraja la kuingilia Bunge, mbele ya watalii waliodhani kuna harusi. Mwenyekiti alikuwa ameegesha gari dogo mahali pasiporuhusiwa, akalitetea kwa askari wa maegesho kwa kusema lina wageni wa Mheshimiwa. Tulikumbatiana, tukapigwa picha. Kisha jirani yangu akanishika mkono, akanivuta kando, kwenye ukingo wa mawe karibu na maji. Mikono yake ilikuwa na nguvu, mikono ya kazi.

“Sasa huo mtihani,” akasema, “unaanzia wapi? Wananiuliza nini kwanza?”

Tukakaa pale pale kwenye jiwe. Wengine walituita twende tukale, tukawaambia watangulie. Nikaanza kumweleza tangu mwanzo: mama ameingia mlangoni, umemsalimia, sasa unamtazama nini. Alinikatiza kabla sijamaliza sentensi, akanijibu mwenyewe.